Kamati za Usalama Kazini katika Ng'ambo za Mombasa: Historia ya Taasisi Isiyo na Jengo

Wanapotajwa walinzi wa maisha ya watu wa Mombasa, aghalabu hutajwa hospitali na zahanati, mahakama, na vyama vya wafanyakazi vilivyopigania ujira. Lakini iko taasisi nyingine isiyo na jengo wala bendera, ambayo hata walioitumikia kwa miaka mingi hawana mazoea ya kuihesabu kuwa ni taasisi. Nayo ni kamati ya usalama na afya kazini, ile ikutanayo mara moja kila miezi mitatu katika chumba cha kiwanda au pembeni mwa bohari, wakaketi wawakilishi wa mwajiri na wawakilishi wa waajiriwa kwa idadi iliyo sawa, wakaulizana ni nani aliyeumia, ameumia kwa sababu gani, na lifanywe jambo gani hata asije mwingine akaumia kwa sababu ileile. Kanuni zilizoipa umbo lake la leo zilitangazwa mwaka 2004, na miaka ishirini na zaidi iliyopita tangu hapo yatosha mtoto kuzaliwa, kusoma, na kuingia yeye mwenyewe katika lango la kiwanda; kwa hiyo ni haki wakati huu historia ya kamati hizo iandikwe, si kwa kuzisifu tu, bali ili wanaoketi ndani yake leo wajue wamerithi nini, na kwa nani.

Historia hiyo haifahamiki pasipo kuitazama kwanza ardhi yenyewe. Kisiwa cha Mombasa kina ng'ambo tatu: Likoni upande wa kusini, ambako feri zimekuwa zikivusha watu tangu mwaka 1937, Kisauni upande wa kaskazini, iliyounganishwa na kisiwa kwa daraja la kuelea la Nyali lililofunguliwa mwaka 1931, likaja kupokewa mwaka 1980 na daraja la zege lililopo hivi sasa, na Changamwe upande wa magharibi, ambako reli na barabara hupita Makupa kuelekea bara. Kisiwa kilishika ofisi, maduka, na magati ya kale ya Kilindini, ilhali nyingi katika kazi za moto, vumbi na sumu ziliwekwa ng'ambo, ambako ardhi ilikuwa pana na wakazi wenye kauli mbele ya serikali walikuwa wachache. Huko Bamburi kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1954. Huko Changamwe kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963, kikadumu hata mwaka 2013 kiliposita kusafisha na kubaki kuwa mahali pa kuhifadhia. Huko Kipevu yakajengwa magati, mitambo ya umeme na matangi. Na baadaye zikaja karakana za kushona nguo za kuuzwa nchi za nje. Likoni haikupata viwanda vingi, bali ilitoa watu, maelfu kwa maelfu, wanaovuka maji kila alfajiri kwenda kuuza nguvu zao na kurudi jioni, nao kwa hakika ni sehemu ya historia hii sawasawa na aliye mbele ya tanuri.

Kabla sheria yoyote haijatamka neno mintarafu ya usalama wa mfanyakazi, walikuwako mahamali na makuli wa bandarini, waliochukuliwa kazi kwa kutwa, leo wapo na kesho hawapo, wakifanya kazi katika magenge chini ya serahangi. Ilikuwa kazi ya gunia na kulabu, kamba na winchi, na aliyevunjika mguu katika ngama ya meli aghalabu alirudi nyumbani na ujira wa siku ile tu, kesho yake mahali pake pakakaliwa na mwingine. Hata hivyo watu hawa hawakukosa elimu ya hadhari. Mkubwa wa genge alimfundisha kijana mgeni asisimame chini ya mzigo uliotundikwa, asizungushe kamba mkononi, ainue gunia kwa miguu wala si kwa mgongo, na akisikia kamba inalia aondoke kwanza ndipo aulize. Elimu hiyo haikuandikwa popote, ilipita mdomo kwa mdomo baina ya watu wa daraja moja, na mimi naihesabu kuwa ndio msingi wa kwanza wa kamati tunazozisimulia, kwa maana ndani yake lilikuwamo lile jambo ambalo sheria zote zilizofuata zimejaribu kulirudisha, yaani mfanyakazi kumwonya mwenziwe bighairi ya hofu. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ni mkubwa: haikuweza kumfikia mwenye amri. Genge liliweza kumwambia kijana ajihadhari na kamba mbovu, lakini halikuweza kuamuru kamba mbovu itupwe.

Migomo ya bandari ya mwaka 1934 na 1939, na hasa mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ilikuwa migomo ya ujira, nyumba na ugumu wa maisha, na si haki kuifanya kuwa migomo ya usalama kazini. Lakini mgomo ule wa 1947, ulioshikamanisha watu wapatao 15,000 kwa muda wa karibu wiki mbili, ulifanya jambo ambalo halijapata kuonekana Mombasa: uliwaketisha pamoja, katika uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini, watu wa bandari na watu wa reli, watumishi wa hoteli na watumishi wa majumbani, kila mmoja akasikia kwa masikio yake habari za kazi ya mwenziwe. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wa shirikisho lao la wafanyakazi Waafrika, alikamatwa mwaka uleule na kupelekwa mbali na pwani. Shirikisho likadhoofika, ila mazoea ya kuketi na kusikilizana hayakufa nalo.

Sheria ya kwanza iliyoingia ndani ya lango la kiwanda ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 1951. Ilikuwa Sheria ya Viwanda, iliyoigwa kutoka Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937, nayo ilikuwa sheria ya vitu kuliko watu: magurudumu na mikanda ya mashine izungushiwe kinga, makasha ya mvuke yapimwe, winchi na minyororo ikaguliwe, vyoo viwepo, hewa ipite. Fauka ya hayo zikafuata kanuni za kazi mbalimbali, zikiwamo za mashine za mbao za mwaka 1959 na za gatini za mwaka 1962, na baada ya uhuru zikaja za huduma ya kwanza za mwaka 1977, za kukinga macho za mwaka 1978, na za ujenzi za mwaka 1984. Nani atakayesema kanuni hizi hazikuokoa vidole na macho ya watu? Ziliokoa. Lakini katika mpango wake wote mtu aliyepewa sauti alikuwa mkaguzi wa serikali, naye alikuja kwa nadra, akapokewa ofisini, akatembezwa penye kutembezeka, akaandika aliyoyaona na kwenda zake. Mfanyakazi, ambaye ndiye aliyejua kwamba kinga ya mashine huondolewa usiku ili kazi iende mbio na kurudishwa asubuhi, alisimama pembeni akitazama, wala hapakuwa na kiti kilichowekwa kwa ajili yake.

Kiti hicho kilianza kuchongwa na vyama vya wafanyakazi. Chama cha Wafanyakazi wa Bandari kilichoinuka katika miaka ya 1950, mgomo wa Machi 1955 ambao Tom Mboya alikuja kuusuluhisha, na uongozi wa Denis Akumu uliofuata, viliwazoesha waajiri wa Mombasa jambo ambalo awali waliliona kuwa ni ufidhuli, yaani kukaa meza moja na wachukuzi wao. Waajiri nao walikwisha kuunda shirikisho lao mwaka 1959, na mwaka 1962 pande tatu, serikali, waajiri na wafanyakazi, zikatia saini Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, ambao ndio uliotia nguvu kanuni ya kukaa pande zote tatu katika kila jambo la kazi. Ila lazima ikiri historia hii kwamba katika mikataba ya miaka ile usalama ulikuwa bidhaa ya kununuliwa. Mwenye kazi ya hatari alidai nyongeza ya hatari, na mwenye kazi ya vumbi akapewa maziwa, desturi iliyoenea mno hata wako wanaoamini mpaka leo kwamba maziwa huosha mapafu. Hayaoshi. Vumbi lililokwisha kuingia mapafuni halitolewi na kinywaji, na shilingi zilizolipwa kwa ajili ya hatari haziipunguzi hatari hata kwa kadiri ya punje; na kila niisomapo habari ya mikataba ile huona jinsi watu wenye akili na ushujaa walivyoridhishwa na thamani ya siha yao badala ya siha yenyewe, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba ya pili yawezekana kudaiwa.

Mabadiliko ya fikira yalianzia mbali. Mwaka 1972, huko Uingereza kulikotoka sheria yetu, tume iliyoongozwa na Lord Robens ilitoa taarifa iliyosema kwamba wingi wa sheria za vifungu vidogovidogo umewazoesha watu kudhani usalama ni kazi ya mkaguzi, hali wanaotengeneza hatari na wanaoishi nayo ndio wenye jukumu la kwanza la kuiondoa. Sheria mpya ya 1974 ikafuata huko. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wake namba 155, uliotaka wafanyakazi na wawakilishi wao washirikishwe katika jambo hili mahali pa kazi penyewe. Kenya ilikwenda polepole. Mwaka 1990 sheria ya zamani ilipanuliwa ikavuka viwanda na kuingia mahali pengine pa kazi, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mji wenye mahoteli, mabohari na magereji kama Mombasa; lakini kiti cha mfanyakazi kilikuwa bado.

Katikati ya kipindi hicho ukaja msiba ambao hauhesabiwi katika daftari la ajali za kazi, nami naona wafaa kuhesabiwa. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe, upande wa Likoni, kwenda kisiwani, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na pwani, wakafa watu 272, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Hakuna hata mmoja miongoni mwa wafanyakazi hao aliyekuwa ndani ya lango ambalo sheria ya viwanda ililitambua. Msiba huo uliacha swali lililodumu, ambalo tutalikuta tena mbele kwa sura nyingine: ulinzi wa mfanyakazi huishia wapi, na nani amhifadhi aliye nje ya ua?

Kanuni za Kamati za Usalama na Afya zilipotangazwa mwaka 2004, zilisema jambo jepesi kulitamka. Kila mahali pa kazi penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati; penye watu kati ya 20 na 100, kila upande utoe wajumbe watatu; penye kati ya 101 na 1,000, watano; na penye zaidi ya hapo, saba. Wajumbe wa wafanyakazi wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe. Kamati ikutane angalau mara moja katika kila miezi mitatu, iandike kumbukumbu, ikague mahali pa kazi, ichunguze ajali, na wajumbe wake wapewe mafunzo. Na kila mwaka afike mshauri wa usalama aliyesajiliwa, asiye mtu wa nyumba, kufanya ukaguzi kamili. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ikaiingiza kamati katika maneno ya Bunge lenyewe, ikatia na kifungu ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko vingine vyote: kwamba mwajiri hatamfukuza wala kumdhulumu mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama, au kwa sababu ni mjumbe wa kamati. Ajali ya kifo sasa yapasa iarifiwe kwa afisa wa serikali ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba. Na sheria ya fidia iliyopita mwaka huohuo, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2019 baada ya mashauri ya miaka kumi, ikaweka fidia ya anayekufa au kulemaa kabisa kuwa mapato ya miezi 96.

Mtu aliye nje aweza kuuliza, kamati hii ina tofauti gani na vikao vingi ambavyo huandikwa kwa wino mzuri na kusahauliwa? Jawabu limo katika namna maarifa yanavyosafiri. Chukua kazi ya tangi la mafuta. Kabla mtu hajaingia ndani ya tangi lililokaushwa, sharti pawepo kibali cha kazi kilichotiwa saini, hewa ya ndani ipimwe kwanza kama ina gesi ya kuwaka na kama ina oksijeni ya kutosha, mtu mmoja abaki mlangoni pasipo kuondoka, na kazi ya moto, kama kuchomelea, iwe na kibali chake mbali. Nidhamu hii imekuwa sehemu ya kazi ya mafuta tangu zamani. Lakini anayechomelea tangi leo si mtu wa kampuni ya mafuta. Ni mtu wa mkandarasi, ambaye mwezi uliopita alikuwa akichomelea katika kiwanda cha saruji na mwezi ujao atakuwa gatini. Akifundishwa vema Changamwe, hubeba elimu hiyo mpaka Kisauni. Akizoea ulegevu mahali pamoja, huubeba nao. Hali kadhalika mshauri aliyesajiliwa, anayekagua leo karakana ya nguo na kesho bohari la majani ya chai, huona katika nyumba moja dawa ya maradhi ya nyumba nyingine. Na mafunzo ya wajumbe huweza kuwakusanya katika darasa moja fundi wa foroklifti, mshonaji, karani wa bohari na mpishi wa hoteli, ambao pengine wasingekutana ila katika foleni ya feri. Hapo, wakati wa chai, ndipo taasisi yenyewe ilipo hasa. Mshonaji husimulia mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli kwa kuhofia wizi wa nguo, na fundi wa foroklifti hugundua kwamba mlango wa bohari lao umezibwa na shehena kwa miezi, wala hakuna aliyeuona kuwa ni mlango tena.

Watu wa pwani wana baraza, kibao kile cha mawe mbele ya nyumba ambapo jirani hukaa pasipo kualikwa, na habari ya mtaa mzima ikapimwa kabla jua halijatua. Kamati nzuri ya usalama hufanana nayo katika jambo moja, kwamba neno la mdogo husikika kabla halijachujwa na mkubwa. Kamati mbovu huanza pale mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni mkuu wa mahali pa kazi au naibu wake, anapofungua kikao kwa kusema yeye, akaendelea kusema yeye, na kufunga kwa kushukuru. Nimesoma kumbukumbu za vikao ambavyo kwa mwaka mzima havikuandika hata ajali moja iliyoponea chupuchupu, na yeyote aliyefanya kazi kati ya makontena na foroklifti ajua kwamba jambo hilo haliwezekani. Mzigo huteleza ukaanguka mahali ambapo mtu alikuwa amesimama dakika moja kabla. Rivasi ya lori humkosa karani kwa shubiri. Haya yakitajwa ni neema, kwa sababu ni ajali iliyokuja kuonya na kwenda zake. Yasipotajwa, ni kwa kuwa aliyeyaona ameona pia yaliyompata mwenziwe aliyesema, na hapo kile kifungu cha sheria kinachomkinga mlalamikaji kinakuwa maandishi tu mpaka mtu mmoja ajitokeze kukitumia.

Mwaka 2016 gati jipya la makontena lilifunguliwa Kipevu, na mwaka uliofuata reli mpya ikaanza kazi kutoka Miritini, na sura ya hatari katika ng'ambo ya Changamwe ikageuka. Gunia lililovunja migongo ya mahamali limekuwa kontena ambalo mtu hawezi kuligusa, sembuse kulibeba. Hatari imehama kutoka mgongoni mwa mtu kwenda katika mwendo wa mitambo, na kutoka katika ngama ya meli kwenda barabarani, katika usingizi wa dereva wa lori aliyekesha akingoja zamu. Kamati zilizozoea kuhesabu kofia na buti zimelazimika kujifunza kuhesabu saa za kazi. Baadhi zimejifunza.

Lakini hakuna mahali ambapo taasisi hii ilipimwa kwa ukali kama Owino Uhuru, kijiji cha watu wapatao 3,000 huko Mikindani, katika eneo lililokuwa likihesabiwa chini ya Changamwe. Hapo ukutani mwa kijiji kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kazi hii ni miongoni mwa zenye madhara makubwa kabisa kwa siha ya binadamu ikifanywa bila hifadhi: risasi huingia kwa kuvutwa pumzi na kwa kumezwa, hukaa katika mifupa, huharibu damu, figo na mishipa ya fahamu, na katika mtoto mdogo hudhoofisha akili kwa namna isiyorejea. Shirika la Afya Duniani limesema hakijulikani kiwango chochote cha risasi mwilini kinachoweza kuitwa salama. Anayefanya kazi katika moshi huo haiachi sumu kiwandani jioni, bali huibeba katika nguo na nywele, akamkumbatia mwanawe. Na hapo Owino Uhuru moshi wenyewe uliuvuka ukuta, vumbi likatua juu ya mabati ambayo watu hukinga mvua, na maji machafu yakapita penye michezo ya watoto.

Aliyelifichua jambo hili alitoka ndani. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009, akashughulikia tathmini ya mazingira iliyoonyesha kwamba mahali pale hapakufaa, na ushauri wake haukusikizwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua ugonjwa ambao matabibu hawakuutambua, hata ulipopimwa ikaonekana ni risasi. Akaacha kazi, akaenda nyumba kwa nyumba, akawashawishi majirani wapimwe damu, akaandamana nao, akakamatwa mwaka 2012 na kuachiliwa na mahakama, akaunda shirika la kutetea haki ya mazingira, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wakazi wakaenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, pamoja na amri ya kusafisha udongo. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, nayo Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa dhamana ni taasisi za serikali zilizopewa kazi ya kulinda.

Kwa kamati za usalama, kadhia hii ina somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Sheria ya 2007 ilikwisha kumtaka mwenye mahali pa kazi awahifadhi hata wasio waajiriwa wake, lakini kamati kwa muundo wake ni ya walio ndani ya ua. Mama wa Owino Uhuru aliyeanika nguo chini ya bomba la moshi hakuwa na mjumbe, wala hakujua kwamba kuna kikao. Mwanamke mmoja aliyekuwa ndani, kwa kuwa moto ulimfikia nyumbani mwake, ndiye aliyekuwa mjumbe wa wote bila kuchaguliwa na mtu, na gharama aliyoilipa haipasi kulipwa na yeyote kwa kusema kweli. Tangu hapo ziko kamati katika ng'ambo hizi ambazo hutembea nje ya ukuta kabla ya kuandika kumbukumbu, zikatazama moshi unaelekea wapi na maji yanatokea wapi, na naona hatua hiyo, ijapokuwa ndogo, ni kubwa kuliko mabango yote ya kila tarehe 28 Aprili, siku ya usalama na afya kazini duniani. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiweka haki ya mazingira salama ya kazi daraja moja na uhuru wa kuungana na marufuku ya kazi za utumwa. Ni heshima iliyochelewa, ila imekuja.

Imebaki kazi ambayo wajumbe wa leo wamepewa na historia. Anayepita barabara ya Magongo, au akavuka akaingia Likoni, au akafuata njia ya Mtopanga na Bamburi, ataona kwa jicho lake mahali wanapofanya kazi watu wengi wa mji huu: vibanda vya wachomeleaji wasio na miwani, wapaka rangi magari wasio na barakoa, wauza betri kuukuu wanaozivunja kwa nyundo na kumwaga tindikali katika mtaro, maseremala walio kati ya misumeno na vumbi. Kibanda kimoja kina watu wanne, kingine saba, na kwa hivyo hakuna hata kimoja kinachofikia ile idadi ya ishirini. Lakini kifungu kilekile cha sheria ya 2007 kinachodai kamati penye watu ishirini kina sehemu ya pili isiyotajwa sana, inayomruhusu Mkurugenzi wa idara ya usalama na afya kazini kuamuru kamati iundwe mahali pengine popote pa kazi. Vibanda kumi vya safu moja huko Magongo vina watu zaidi ya hamsini, wanaojuana kwa majina, wanaoazimana vyombo, na ambao tayari huonyana kama walivyoonyana mahamali wa Kilindini. Wakipewa amri moja ya maandishi, darasa moja la mafunzo, na afisa mmoja wa kuwasikiliza kila baada ya miezi mitatu, watakuwa kamati kabla ya mwaka kwisha. Barua ya kuomba amri hiyo yaweza kuandikwa na kamati yoyote iliyo jirani yao, na kupelekwa katika ofisi ya idara hapa Mombasa.